Gitaa kavu la Machakos na mzee wetu Fundi Konde

Mwaka jana mwezi wa Julai nilinunua gitaa kavu mjini Machakos kwa shilingi 4,500. Lilikuwa limetumika sana. Tumbo lake limekwaruzwa, nyuzi mbili zina kutu, na shingo iliwahi kuvunjika ikagundishwa kwa gundi ya seremala. Wenzangu kazini walinicheka, wakasema nimenyolewa bila maji, kwa sababu nikiongeza pesa kidogo tu ningepata jipya Nairobi, likiwa ndani ya mfuko wake. Sikubishana nao. Gitaa jipya halikuwa nililolihitaji, na sababu yake ni ndefu kidogo. Naomba msomaji univumilie, kwa maana sababu hiyo inapita kwa marehemu baba yangu na kumfikia mzee ambaye sisi watu wa Pwani tunamdai heshima na hatujamlipa.

Machakos nililetwa na kazi. Mimi ni mtu wa Mombasa, nimekulia Chaani, na kabla ya kuhamishwa niliijua Machakos kwa kuipita tu. Basi la Nairobi likifika Kyumvi unaona njia ya kukata kwenda mjini, unageuza shingo unalala tena. Siku hizi hapo ndipo ninaposhuka na kupanda matatu, na nimezizoea baridi za asubuhi na ukungu unaokaa juu ya vilima vya Iveti mpaka saa nne.

Siku moja baada ya kazi nilipita kichochoro kimoja karibu na soko, nikaona duka dogo la kutengeneza redio. Ndani kulikuwa na mzee wa miaka kama sabini hivi, miwani imefungwa kwa uzi, amezungukwa na redio kongwe, pasi za umeme na saa za ukutani. Gitaa lilikuwa limening'inizwa nyuma yake kwenye msumari. Nilimwamkia, nikauliza kama linauzwa. Alilishusha, akalipangusa vumbi kwa kiganja, akapatanisha nyuzi kwa sikio, kisha akalijaribu mbele yangu ili nijue lina sauti. Wimbo alioupiga ulikuwa Majengo Siendi Tena.

Nilihisi kama mtu ameniita kwa jina langu la utotoni. Nilimuuliza ameupata wapi wimbo ule. Akanieleza kwamba ulikuwa wa baba yake, mwanajeshi wa zamani wa KAR, aliyekwenda Burma wakati wa vita na kurudi na viatu, blanketi na mapenzi ya gitaa. Mzee yule wa kwanza alinunua santuri, akawa anaicheza mpaka watoto wote nyumbani wakaushika wimbo. Nikamuuliza kama anamjua mwimbaji. Alifikiri kidogo, akasema jina hakulijua kamwe, ila kwa Kiswahili kile safi alikuwa akiamini kwamba ni mtu wa Tanganyika, labda wa Tanga.

Nilimwambia kwamba mwimbaji ni Mgiriama wa Kilifi, jina lake Fundi Konde. Alishangaa. Na mimi nilishangaa kwamba kwa zaidi ya miaka sitini nyumba moja ya Machakos imekuwa ikiutunza wimbo wetu bila jina la mwenyewe. Aliniambia bei ni 6,500. Tukavutana, na nadhani alishuka mpaka 4,500 kwa sababu ya jina lile nililompa.

Sasa nirudi Chaani. Baba yangu alikuwa kibarua bandarini Kilindini. Hakuwa mwanamuziki na wala hakujidai hivyo. Alijua nyimbo nne tu, na zote nne zilikuwa za Fundi Konde. Jioni akishaoga, akishakunywa chai, alilishusha gitaa lake kutoka kwenye msumari uliokuwa juu ya redio, akakaa kwenye kibao cha mbuzi mlangoni kwa kuwa kiti kilimzuia mkono, na akapiga nyimbo zake nne kwa mpango uleule. Jirani zetu walijua saa kwa wimbo wake. Akifika wa tatu, ambao ni Mama Leli, ilikuwa karibu wakati wa taarifa ya habari.

Alifariki mwaka wa 2004, Mungu amrehemu. Mwaka uliofuata niliitwa Nairobi kwa mahojiano ya kazi na sikuwa na nauli. Gitaa lilikuwepo, halipigwi na mtu. Nililiuza kwa shilingi 1,200 kwa kijana mmoja aliyekuwa akipita akinunua vitu vikuukuu. Sikumuuliza mama. Aliporudi kutoka sokoni aliutazama ule msumari mtupu, akaenda jikoni, na hakunena neno siku ile wala baadaye. Kazi yenyewe sikuipata. Tangu hapo nimeuza na kununua vitu vingi maishani, lakini hilo ndilo neno la biashara linaloniamsha usiku.

Ndiyo maana nikalinunua gitaa la Machakos. Najua si la baba. La baba liko wapi, pengine lilikwisha kuwa kuni. Lakini nililipokuwa nikilibeba kwenda nyumbani, kilichokuwa kikinizunguka kichwani ni swali la yule mzee wa redio. Kama mtoto wa mpenzi wa Konde hamjui Konde, na kama mimi mwenyewe niliyelelewa kwa nyimbo zake niliuza gitaa lake kwa nauli, basi nani atakayeeleza habari zake? Nimekusanya ninayoyajua, na hapa nayaandika.

Fundi Konde alizaliwa mwaka wa 1924 katika nchi ya Wagiriama, upande wa Kilifi. Tarehe hiyo ina uzito wake. Ni miaka kumi tu ilikuwa imepita tangu vita vya Wagiriama na Waingereza vya 1914, vile ambavyo jina la Mekatilili wa Menza halitengani navyo. Serikali ilitaka kodi na ilitaka vijana wakafanye kazi za mashamba na upagazi, Wagiriama wakakataa, na mwezi wa Agosti mwaka huo askari wakailipua Kaya Fungo kwa baruti. Nyumba zilichomwa, mbuzi wakachukuliwa. Kwa hiyo mtoto Konde alikua akisikiliza wazee waliokuwa wameyaona hayo kwa macho yao. Kuitwa na serikali lilikuwa neno la kuogopwa.

Alisomea shule za misheni ya Kikatoliki, na huko ndiko muziki wa kizungu ulikomkuta. Vyombo vyake vya kwanza havikuwa vya nyuzi. Alifundishwa kupuliza filimbi na klarineti. Naona jambo hili linaeleza mengi kuhusu gitaa lake la baadaye. Mpuliza klarineti hujifunza kusubiri pumzi. Anajua sauti inaanza wapi na inakatika wapi. Ukimsikiliza Konde akipiga, hamwagi nyuzi ovyo kama mtu anayemwaga mahindi. Anapiga kifungu, anapumua, kisha anajibu. Huku nyumbani nako kulikuwa na kayamba na ngoma za Kigiriama, kwa hivyo masikio yake yalijaa kutoka pande mbili.

Upande wa tatu ulikuwa Mombasa. Bandari ilileta gitaa pamoja na vitambaa na baiskeli. Ilileta pia santuri za rumba kutoka Kuba, ambazo zilipendwa sana Afrika nzima tangu miaka ya 1930. Mombasa yenyewe ilikuwa na taarab yake yenye udi na fidla, na ilikuwa na beni, zile bendi za kuigiza gwaride. Kijana wa wakati ule aliyeshika gitaa hakuwa na mwalimu wa kumwambia chombo hiki ni cha nani. Alikipiga anavyosikia.

Kisha vikaja Vita vya Pili vya Dunia. Konde aliingia jeshini, katika King's African Rifles, lakini si kwa kushika bunduki mstari wa mbele. Aliwekwa kwenye kikosi cha burudani, kilichokuwa kikiwapigia muziki askari wa Afrika Mashariki huko Asia, mpaka Burma. Hebu litazame jambo hili kwa utaratibu. Miaka thelathini baada ya Kaya Fungo kulipuliwa, kijana wa Kigiriama amevaa sare ya jeshi lilelile, yuko ng'ambo ya Bahari ya Hindi, na silaha yake ni muziki. Sijui kama wazee wa kaya walilisamehe hilo. Ila najua kilichotokana nalo.

Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana Burma mwaka wa 1944. Ilishuka bonde la Kabaw wakati wa masika makali, barabara zikiwa matope matupu na malaria ikiangusha watu kuliko risasi, na mwezi wa Desemba ikauvuka mto Chindwin huko Kalewa. Katika safu zake kulikuwa na Wakamba wengi sana, kwa kuwa Ukambani kulitoa askari kwa wingi kuliko sehemu nyingi za Kenya. Kulikuwa na watu wa Nyanza, wa Bonde la Ufa, wa Uganda na Tanganyika. Kilichowaunganisha ni Kiswahili, lakini Kiswahili gani? Kilikuwa kile cha kambini, cha amri na matusi, cha simama na geuka na leta maji upesi. Wengi wao hawakuwahi kusikia Kiswahili kikibembeleza.

Nadhani hapa ndipo penye jambo kubwa zaidi katika maisha ya Fundi Konde, ingawa mara nyingi husimuliwa habari ya gitaa lake la umeme kwanza. Yeye na wenzake waliimba Kiswahili cha Pwani mbele ya askari hao. Mtu wa Masii au wa Mwala aliyekuwa amejua lugha hii kwa kukemewa, sasa aliisikia ikimlilia mpenzi. Vita vilipokwisha, askari wale walirudi makwao na sikio jipya. Sauti za santuri zilipofika madukani, wanunuzi walikuwa tayari. Yule mzee wa Machakos aliyerudi na viatu na blanketi ni mmoja wao. Sisemi kwamba alimwona Konde kwa macho, na hata mwanawe hakusema hivyo. Nasema njia ilikuwa imekwisha kufyekwa.

Na njia hiyo si ya jana. Wakamba walikuwa wakishuka Pwani na pembe za ndovu tangu karne ya 19, na Rabai kulikuwa na vijiji vyao. Misafara yetu nayo ilipanda kupitia Ukambani, na Waingereza walipojenga kituo chao cha mwanzo bara mwaka wa 1889, walikijenga Machakos, kwa jina la Masaku. Kabla ya reli kuipita mbali na kuiinua Nairobi, hapa ndipo palikuwa mji. Kwa hivyo wimbo wa Mgiriama kukaa miaka sitini katika nyumba ya Mkamba si ajabu. Ni udugu wa zamani ulioendelea kwa chombo kingine.

Baada ya vita Konde alianza kurekodi. Nyimbo zake zinazojulikana zaidi ni za kati ya mwaka wa 1947 na 1956. Vijana wa leo hawana budi kuelezwa santuri ile ilikuwa kitu gani. Ilikuwa sahani nzito nyeusi, ya kuzunguka mara 78 kwa dakika, na ikianguka inapasuka kama kigae. Upande mmoja ulibeba dakika tatu hivi, basi. Mwimbaji hakuwa na nafasi ya kuzurura. Alipaswa kuingia, kusema shida yake, kupiga gitaa kidogo katikati na kutoka kabla sindano haijafika kwenye karatasi. Konde aliumudu ufupi huo. Nyimbo zake zina mwanzo na mwisho kama hadithi ya bibi.

Alirekodi na HMV, na aliimba mambo ya mjini. Kulikuwa na mapenzi, ndiyo, lakini kulikuwa pia na sigara, na ajali ambazo binadamu hawezi kuzikinga, na Majengo. Kuhusu Majengo, karibu kila mji wa Kenya una mtaa wenye jina hilo, na karibu kila Majengo ina sifa moja, kwamba pesa ya mshahara ikiingia huko haitoki. Ndiyo maana kila msikilizaji aliyeapa kutorudi huko alijiona ametajwa yeye. Baba yangu alikuwa akifika hapo anamtazama mama na kucheka, na mama anajifanya hakuona. Mimi mtoto sikujua kinachochekwa.

Upigaji wake ulikuwa na namna yake. Magharibi mwa Kenya kulitokea mafundi wakubwa wa gitaa kavu, kama George Mukabi na John Mwale, waliokuwa wakidonoa nyuzi kwa vidole, besi na sauti nyembamba zikienda pamoja. Konde alielekea kwingine. Alipenda rumba na midundo ya dansi, na alishika koodi za namna ya jazi, zile zinazomtaka mtu atumie vidole vyote vinne na bado anaona havitoshi. Nimejaribu mwenyewe na najua. Ukisikia wimbo wake unadhani ni rahisi kwa kuwa yeye hakuhema. Ukiushika mkononi ndipo unapouona mlima.

Baadaye akaja gitaa la umeme, na Konde anatajwa kuwa miongoni mwa wa kwanza kabisa kulipiga Kenya. Alifanya kazi na Peter Colmore, Mwingereza aliyekuwa na kampuni ya kurekodi Nairobi na aliyejua kuuza sauti. Huyu Colmore ndiye aliyewaleta Kenya mafundi wa Kongo kama Edouard Masengo na Jean Bosco Mwenda, na muziki wao ukatumiwa kutangazia bidhaa, vinywaji na vidonge vya kichwa. Watu hukusanyika kwa ajili ya gitaa, na wakishakusanyika wanaonyeshwa bidhaa. Ndivyo riziki ya mwanamuziki ilivyopatikana miaka ya 1950, wakati ambapo Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari na usiku wa Nairobi ulikuwa na askari wengi kuliko wacheza dansi.

Na riziki yenyewe ilikuwa nyembamba. Desturi ya siku zile ilikuwa kumlipa mwimbaji mara moja kwa wimbo, anatia sahihi, anapewa pesa yake mkononi, na kuanzia hapo wimbo una njia yake naye ana njia yake. Santuri iuzwe mia au elfu, yeye hana habari. Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Malaika, wimbo alioupatia umaarufu Fadhili William, mwana wa Taita, kisha ukaimbwa na Miriam Makeba, Harry Belafonte na Boney M. Dunia nzima iliuimba, na mpaka leo watu wanabishana ni mali ya nani. Nyimbo za Konde hazikufika mbali hivyo, lakini zilitoka katika soko lilelile lenye mizani ileile.

Miaka ya 1960 ilipoingia, mambo yaligeuka. Uhuru ulikuja na vijana wake, na vijana wakaja na tuisti. Bendi za Kongo zikashika kumbi, na magitaa yakawa matatu na manne jukwaani yakijibizana. Mtu mmoja na koodi zake za taratibu akaonekana wa zamani kabla hajafika miaka arubaini na mitano. Konde hakuacha muziki kabisa. Alifanya pia kazi upande wa pili wa kioo, akiwarekodi wengine. Lakini kwa umma alikuwa amenyamaza, na nyimbo zake zikaingia katika lile kabati la redio linaloitwa zilizopendwa. Neno hilo huwa linanichoma. Zilizopendwa ni wakati uliopita. Nani alitwambia tumeacha kuzipenda?

Jambo la kushukuru ni kwamba alipata kuonja mrejeo kidogo kabla ya kufa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kundi la Them Mushrooms, waliozaliwa kimuziki hapahapa Mombasa na waliokwisha kuwika kwa Jambo Bwana, walimtafuta na kurekodi naye upya nyimbo zake. Vijana wakamshika mkono mzee, kama inavyopasa. Kisha mwaka wa 1994 kampuni ya RetroAfric ya Uingereza ilizikusanya rekodi zake za 1947 hadi 1956 na kuzitoa kwa sidii. Hilo ni jema, nami nalifurahia. Lakini tujiulize kidogo. Ilibidi mtu wa London azikusanye. Sisi tulikuwa na santuri zile majumbani, chini ya vitanda, na watoto wetu wakazitumia kuwinga kama visahani vya kuchezea.

Fundi Konde alifariki mwaka wa 2000, akiwa na miaka 75. Redio zilimtaja, magazeti yakamwandika, kisha tukaendelea na mambo yetu. Baba alipata habari akiwa zamu ya usiku. Aliporudi asubuhi hakulala. Alilishusha gitaa kabla hata ya chai, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akapiga nyimbo zake nne, akalirudisha juu. Mimi nilikuwa kijana, niliona ni mambo ya wazee. Miaka mitano baadaye nikaliuza.

Sasa kuhusu gitaa la Machakos. Shingo yake ilianza kuachia mwezi wa pili tu. Mwenzangu mmoja akaniambia nilipeleke Wamunyu, kwa wachonga vinyago, kwani mkono uliozoea mpingo hauwezi kushindwa na shingo ya gitaa. Nilikwenda Jumamosi moja. Fundi niliyemkuta aliiondoa gundi yote ya zamani, akachonga kipande kipya cha mti, akakipachika kwa ulalo. Alitaka shilingi 800. Alinieleza kwamba ufundi wa Wamunyu wenyewe ulitoka upande wa Tanganyika, kwa Mutisya Munge aliyekwenda huko wakati wa Vita vya Kwanza na kurudi na ujuzi wa kuchonga. Nikasema moyoni, kumbe vita vya kwanza vilileta patasi na vya pili vikaleta gitaa, na vyote viwili vimekutana kwenye chombo changu cha shilingi 4,500.

Yule mzee wa redio ndiye mwalimu wangu. Nikitoka kazini siku za Jumatano napita dukani kwake. Ananiwekea vidole kwenye nyuzi mmojammoja, na nikikosea anavuta hewa kwa meno. Mimi nimemwandikia jina la Fundi Konde kwenye karatasi na ameibandika ukutani karibu na saa. Mteja akiuliza, anamweleza. Hivi sasa naweza wimbo mmoja na nusu.

Mwezi wa Desemba nililipakia gitaa kwenye basi nikashuka nalo nyumbani. Njiani nilikuwa nimejipangia yote. Ningefika, ningelitundika kwenye ule msumari, mama angeona, na deni langu lingekuwa limelipwa bila maneno. Nilipoingia nilikuta msumari una kalenda. Nilitaka kuiondoa, mama akanizuia. Aliliangalia gitaa mbele na nyuma, akapitisha kidole kwenye kiungo cha Wamunyu, akaniambia la baba lilikuwa na sauti nene zaidi. Kisha akasema nisilitundike, kwa kuwa gitaa likitundikwa huwa pambo. Nikae mlangoni nilipige.

Nilikaa kwenye kibao cha mbuzi, nikapiga wimbo wangu mmoja na nusu. Kilipofika kile kifungu ambacho baba alikuwa akimtazama yeye na kucheka, mama aligeuza uso akajifanya hakuona. Hakuutaja ule mwaka wa 2005, nami sikuutaja. Jioni ile jirani mmoja wa zamani alipita akauliza kama taarifa ya habari imekaribia.

Kwa wasomaji wenzangu wa Kilifi, Mombasa, Malindi, Kwale na kote Pwani, nina ombi moja. Kama nyumbani kwenu kuna santuri ya Fundi Konde, ya Paul Mwachupa au ya mzee mwingine yeyote wa wakati ule, isiuzwe kwa mpita njia. Kama kuna mzee anayejua nyimbo, aketishwe, aulizwe ni za nani, na jina liandikwe. Na mwenye kijana anayependa gitaa asingoje mpaka apate la maelfu. La kuanzia linapatikana hata kichochoroni Machakos, na akikwama kwenye koodi ya tatu aje tukwame pamoja.